Jicho la Mtetea

Mnunuzi wa jogoo anayeijua kazi yake haanzi na bei. Humshika kuku miguu yote miwili, akamgeuza kichwa chini na kumsubiri atulie. Hupuliza manyoya ya kifuani aone ngozi. Hupapasa mfupa wa kidari kwa kidole gumba ajue nyama imekaa vipi. Huangalia mkiani kama kuna kinyesi cha kijani kilichogandia, maana hiyo ni dalili ya mdondo, na mdondo ukiingia bandani hausazi. Mwisho hukishika kilemba kati ya vidole viwili. Kikiwa chekundu, kina joto na kimesimama, ndipo anapouliza, "Huyu unamtoaje?"

Nimekulia katikati ya watu wa namna hiyo. Mjomba wangu alikuwa akipokea matenga ya kuku kutoka Singida na Dodoma, akiyashusha Kariakoo kabla ya adhana ya alfajiri, miaka ile soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilipokuwa bado jipya. Nyumba yetu haikuwa mbali na Mtaa wa Msimbazi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, na nyuma ua wa mchanga wenye mlimau mmoja. Kuku waliochoshwa na safari, ambao mjomba aliona hawatapata bei siku hiyo, waliletwa uani kwa bibi. Bibi aliwafungua kamba za miguuni, akawanywesha maji ya mshubiri, akawaacha waparure. Mengi niliyokuja kuwafundisha wanafunzi baadaye kuhusu jinsi wanyama wanavyochagua wenza, nilikuwa nimeyaona kwanza pale.

Jogoo anayetaka mwenza hushusha bawa moja mpaka ncha zake zikwaruze mchanga, kisha humzunguka mtetea kwa hatua fupi za ubavu. Akiokota punje ya mtama haimezi. Huiinua, huiangusha, huiinua tena, huku akiita kwa sauti ya chini na ya haraka, ko-ko-ko-ko, mpaka mtetea aje aichukue. Sisi watoto tulimkodolea macho yeye, kwa kuwa ndiye mwenye rangi, sauti na vituko. Bibi ndiye aliyetugeuza shingo. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, akaniambia, "Mjukuu wangu, huyo kazi yake kujionyesha. Mtazame anayeonyeshwa."

Nikaanza kumtazama mtetea, na mpaka leo sijaacha. Yeye hana makuu. Huendelea kuparura kana kwamba haoni kitu. Ukitulia utamwona anasimama, anainamisha kichwa na kumpima jogoo kwa jicho moja, halafu anageuka na kumpima kwa jicho la pili. Hapo ama anachutama, ama anaondoka zake. Mambo huisha ndani ya sekunde chache, na mtu aliyekuwa akimtazama jogoo hajui kilichoamuliwa.

Alikuwepo jogoo mmoja mwekundu mwenye tabia ya kuita hata akiwa ameokota kijiti. Siku za mwanzo mitetea walimkimbilia. Baadaye aliita mpaka koo likamkauka, wao wanaendelea na mchanga wao. Niliyakumbuka hayo nilipokuja kusoma kazi ya Marcel Gyger na Peter Marler ya mwaka 1988, iliyoonyesha kwamba jogoo huita hata akiwa na kitu kisicholika, na hufanya hivyo zaidi mtetea akiwa mbali, mahali ambapo hawezi kuona vizuri kilichomo mdomoni. Jogoo naye anajua kwamba anakaguliwa. Uongo wake ameukadiria kwa umbali wa jicho la mkaguzi.

Lakini aliyenifumbua macho hasa ni jogoo mwingine. Mjomba alimleta kutoka kwenye matenga ya Singida, mkubwa kupita wote uani, manyoya ya dhahabu shingoni, miguu minene. Mjomba alimpenda akaamua asimuuze, awe wa mbegu. Mitetea walimkataa. Akishusha bawa, walisogea. Akiwakimbiza, walipiga kelele na kujificha nyuma ya kishingo, jogoo mzee wa bibi, mfupi, shingo tupu, lakini kilemba chake kinawaka. Mjomba alisema watamzoea. Siku kadhaa zikapita hawakumzoea. Bibi akamkamata yule jogoo mkubwa, akamwita mjomba karibu na kumwonyesha kilemba. Kilikuwa kimepauka, kimelegea upande, na kingo zake zimekauka magamba.

"Wewe umetazama mwili, mwanangu," bibi alimwambia. "Wenzio wametazama damu."

Jogoo huyo alipochinjwa kwa ajili ya maulidi, mimi ndiye niliyepewa utumbo niusafishe. Nilipoupasua ulikuwa umejaa minyoo myeupe, mirefu, imesokotana. Nilikimbia kumwita bibi. Alitazama, akatikisa kichwa, akaniambia nitupe utumbo wote na ninawe mikono kwa sabuni. Hakushangaa hata kidogo.

Mwaka 1990 Marlene Zuk na wenzake walichapisha utafiti juu ya kuku wa porini wa Asia, ambao ndio chimbuko la kuku wetu wa kufugwa. Waliwaambukiza baadhi ya vifaranga wa kiume minyoo ya utumbo, wengine wakawaacha salama. Walipokua, waliokuwa na minyoo walitoka na vilemba vifupi na vilivyopauka, na mitetea walipopewa nafasi ya kuchagua waliwapendelea wasio na minyoo. Miaka minane nyuma yake, Zuk na William Hamilton walikuwa wamependekeza kwamba mapambo mengi ya ndege wa kiume ni cheti cha afya: mwenye vimelea hawezi kuyagharimia. Kilemba ni ngozi nyembamba iliyojaa mishipa, na kinachotokea ndani ya mwili huonekana pale upesi kuliko mahali pengine. Kwa hiyo mtetea wa bibi na mnunuzi wa Kariakoo walikuwa wakisoma ukurasa ule ule. Tofauti ni kwamba mnunuzi anatafuta nyama ya wiki hii, mtetea anatafuta baba wa vifaranga ambao lazima wapambane na minyoo hiyo hiyo.

Tena mamlaka yake hayaishii kwenye kuchutama au kuondoka. Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha mwaka 2000 kwamba mtetea akipandwa kwa nguvu na jogoo wa daraja la chini, ana uwezo wa kuitoa mbegu ya jogoo huyo mwilini muda huo huo. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii, wasichana wa mstari wa mbele waliacha kuandika wakaniangalia. Nikairudia polepole ili iwaingie.

Nasema hivi kwa sababu utotoni nilizisikia sana habari za jogoo barazani. Wazee waliokuja kucheza bao walipenda kumtolea mfano: jogoo ndiye mwenye mji, mitetea ni wafuasi, na ndivyo Mungu alivyoumba. Nawaheshimu wazee wale, wamenilea, lakini walikuwa wakizungumza na migongo yao imeuelekea ua. Hata hivyo sitaki mtu atoe sheria ya ndoa kwenye banda la kuku, iwe ya kumnyanyua mwanamume au ya kumnyanyua mwanamke. Binadamu ana dini, ana mila, ana mazungumzo. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho ni cha haki: ukimtaja mnyama kama shahidi, basi kwanza umtazame mnyama mwenyewe, dume na jike.

Kutomtazama jike hakukuwa ugonjwa wa baraza letu peke yake. Charles Darwin aliueleza uchaguzi wa jike mwaka 1871. Alijiuliza mkia wa tausi, kama hawa wanaotembea kwenye viwanja vya Ikulu, umetoka wapi, wakati ni mzigo wa kukimbia nao na unamwita kila adui. Jibu lake lilikuwa kwamba majike wameuchagua, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukawa hivyo ulivyo. Wenzake wengi hawakukubali. Hata Alfred Russel Wallace, aliyegundua uteuzi wa asili kwa njia yake mwenyewe, alikataa kwamba jike wa ndege anaweza kuwa na uamuzi wa kuumba kitu kama kile. Aliona rangi na michezo ya dume ni nguvu tu iliyozidi mwilini. Kwa karibu karne nzima hoja ya Darwin ilikaa pembeni, watu wakichunguza mapigano ya madume kwa bidii kubwa na kuyapita macho ya majike.

Nililisoma hili nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na nikafurahi kupita kiasi kuona kwamba ushahidi uliogeuza mambo ulitoka jirani kwetu, Kinangop, nyanda za juu za Kenya. Kule kuna ndege mweusi wa jamii ya kweche, mwenye bega jekundu. Mwili wake ni mdogo, lakini msimu wa kuzaliana dume huotesha mkia unaofika nusu mita. Jike ana rangi ya kahawia ya majani makavu, na mkia wake haufiki hata urefu wa kidole kirefu. Msweden mmoja, Malte Andersson, alikamata madume 36. Baadhi aliwakata mikia akawaachia kisiki cha sentimita 14 hivi. Vipande alivyovikata aliwabandikia wengine kwa gundi, mikia yao ikawa mirefu kuliko ambavyo ndege huyo amewahi kuwa nayo. Wengine aliwakata na kuwabandikia mkia wao wenyewe, ili ajue kama gundi yenyewe inaleta tofauti, na wengine hakuwagusa. Kisha akaanza kuhesabu viota vipya vya majike katika eneo la kila dume.

Waliorefushwa mikia walipata viota vingi kuliko wote. Lililonivutia zaidi ni hili: waliofupishwa mikia hawakunyang'anywa maeneo yao. Madume wenzao waliendelea kuwaogopa kama kawaida. Maana yake mkia ule si silaha ya kupigania ardhi. Uliumbwa kwa ajili ya jicho la jike, na jike ndiye aliyeuumba. Matokeo yalitoka mwaka 1982, miaka 111 baada ya kitabu cha Darwin.

Nilikuja kumwona ndege huyo kwa macho yangu nilipopita Kinangop na basi siku ya upepo. Aliruka chini chini juu ya nyasi, mkia umeshuka nyuma yake, na kila upepo ulipovuma ulimvuta pembeni mpaka ukadhani ataanguka. Mkono wangu ulikuwa kwenye kioo cha dirisha. Abiria jirani aliniuliza ninatazama nini, nikamweleza yote, kuanzia gundi mpaka viota, na yeye akanisikiliza mpaka Naivasha.

Ukipita Mtaa wa Msimbazi leo utaliona jengo la klabu ya Simba, na mashabiki wenye jezi nyekundu wamejaa nje siku za mechi. Kila picha ya mnyama huyo pale ina manyoya mengi shingoni, na mtu huyachukulia kuwa alama ya vita. Peyton West na Craig Packer waliyapima Serengeti na kuchapisha mwaka 2002. Walitengeneza simba wa bandia wa ukubwa wa kawaida, wakawavalisha manyoya ya urefu na rangi mbalimbali, wakawaita simba wa kweli kwa sauti zilizorekodiwa. Majike waliwaendea wenye manyoya meusi. Madume waliwaogopa. Manyoya meusi huongeza joto la mwili, na katika jua la Serengeti hiyo ni gharama kubwa. Anayeweza kuibeba na bado anakula vizuri na kupona majeraha yake, jike anamtambua kwa mbali.

Kilemba, mkia, manyoya. Mpaka hapo mtu anaweza kudhani kuchagua kwa jike ni jambo la mapambo tu, la kuipendezesha dunia. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofika Mwanza.

Tulikwenda kwa mafunzo ya vitendo, kundi la wanafunzi na mwalimu wetu, tukapanda mtumbwi wa injini kwenye Ghuba ya Mwanza. Mwalimu alikuwa na kisahani cheupe kilichofungwa kamba yenye alama. Alikishusha majini akatuambia tuseme pale tutakapoacha kukiona. Ndani ya ghuba kilipotea mara tu kilipozama. Maji yalikuwa ya kijani kibichi kinachoelekea kwenye udongo. Tulipotoka kuelekea visiwani, kisahani kile kile kilishuka na kushuka, bado tunakiona kikiyumba chini. Mwalimu alikunja kamba, akaanza kutueleza habari za furu.

Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Walikuwa mamia ya spishi, na zimetokea kwa kasi ambayo bado inawashangaza wataalamu. Miongoni mwao wapo wawili wanaoishi kwenye miamba. Mmoja dume wake ana rangi ya buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Mwingine dume wake ni mwekundu mgongoni na hukaa chini zaidi. Wa buluu kwa jina la kitaalamu anaitwa Pundamilia pundamilia. Mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, jina alilopewa mwaka 1985. Majike wao wanafanana sana, rangi ya kahawia hafifu yenye milia. Jike hutaga, huokota mayai yake na kuyatunza kinywani, halafu vifaranga pia, siku nyingi bila kula vizuri. Mwenye kubeba mzigo huo hawezi kukubali dume yeyote tu.

Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha mwaka 1997 jambo ambalo naliona kuwa mojawapo ya makubwa yaliyowahi kugunduliwa katika nchi yetu. Aina hizi mbili zinaweza kuzaa pamoja, na watoto wao wanazaa pia. Mwilini hakuna ukuta unaozitenganisha. Kinachozitenganisha ni jike wa nyererei kumwona dume mwekundu na kumfuata, na jike wa pundamilia kumwona wa buluu na kumfuata. Katika maabara, majike walipowekwa chini ya mwanga wa kawaida walichagua madume wa aina yao. Walipowekewa mwanga unaofuta tofauti kati ya nyekundu na buluu, waliacha kubagua.

Ziwani jaribio hilo hilo limefanywa na sisi wenyewe bila kukusudia. Udongo wa mashamba, mbolea, maji machafu ya miji na mwani vimeyatia ukungu maji ya ghuba. Kwenye visiwa vyenye maji maangavu, kama Makobe, wekundu na wa buluu bado ni aina mbili kamili. Ndani ya ghuba, kwenye maji mazito, utakuta kundi moja la samaki wasio wekundu wala buluu. Tumezoea kumlaumu sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kweli amekula furu kwa wingi usiosemeka. Lakini hawa wa miambani wengi hawakuliwa. Wamepotelea ndani ya wenzao, kwa kuwa mama zao hawakuona.

Nilikaa na jambo hilo usiku wa kwanza Nyegezi, hapo Mwanza, nikashindwa kulala. Nilikuwa nimefundishwa kwamba spishi hutengwa na milima, mito na bahari. Hapa palikuwa na spishi mbili zilizotengwa na uamuzi wa samaki wa urefu wa kiganja, unaofanyika tena kila msimu, na uamuzi wenyewe unategemea mwanga upite kwenye maji. Ukizima mwanga huo, hakuna samaki anayekufa siku hiyo. Wavuvi wanaendelea kuvua. Kinachokufa ni uwezo wa kuchagua, na vizazi vichache baadaye huwezi kurudisha ulichokuwa nacho.

Tangu hapo, kila ninapopita kwenye matenga ya kuku natazama kwa moyo mwingine. Kuku wa kisasa wa nyama anauzwa kwa kilo, na kwa miongo mingi wazazi wake wamechaguliwa na watu, kwa kigezo cha kukua haraka na kifua kipana. Mtetea hakuulizwa. Suzanne Millman na Ian Duncan wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipowachunguza majogoo wanaozalisha kuku wa nyama, waliwakuta wakali kwa mitetea kuliko majogoo wa aina nyingine, na michezo ya kumbembeleza mtetea imepungua sana. Wanampanda kwa nguvu, na mitetea wanajeruhiwa. Ile duara ya bawa moja, wito wa punje, vyote vilivyokuwa vikifanyika uani kwetu kila asubuhi, viliwekwa pale na macho ya mitetea waliokuwa na nafasi ya kukataa. Nafasi hiyo ilipoondolewa, hakuna kilichobaki cha kuvilinda.

Na nyua zenyewe Kariakoo zimekwisha. Nyumba yetu iliuzwa, ikavunjwa, pamesimama ghorofa lenye maduka ya vitenge chini na stoo juu. Nyumba nyingi za mtaa ule zimekwenda hivyo hivyo. Silaumu mtu kujenga kwenye kiwanja chake, mji unakua na watu wanatafuta riziki. Lakini watoto wa siku hizi wa Kariakoo wanamjua kuku wa kwenye tenga na wa kwenye sahani. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawapeleka bondeni Jangwani.

Kutoka Mtaa wa Msimbazi mpaka bondeni ni mwendo wa miguu. Mto Msimbazi wenyewe umechafuka, harufu yake inafika kabla yako, na mvua kubwa zikinyesha hujaa mpaka barabara ya Jangwani inafungwa. Pamoja na hayo, kwenye matete na matawi yanayoinamia maji, mvua zikianza, utawakuta minana, ndege wa kusuka viota. Dume ni wa manjano mwenye kichwa cheusi. Hukata ukingo wa jani refu kwa mdomo, huuma pale pale, kisha huruka, na ukanda mwembamba unachanika wote nyuma yake. Huufunga kwenye tawi, husuka pete ya kusimamia, na kuanzia hapo kila akirudi na ukanda husuka akiwa amesimama ndani ya pete ile mpaka chumba kimeinuka upande mmoja na mlango umeelekea chini upande wa pili. Kiota kikiisha hujining'iniza chini ya mlango kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga kelele kila jike anapopita.

Jike akivutiwa huingia. Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wanyamaze na watazame tawi linavyotikisika. Yumo ndani anavuta nyuzi kwa mdomo, moja baada ya nyingine, apate kujua zimeshikana. Akiridhika, ataleta majani laini na manyoya kutandika. Asiporidhika, atatoka na kwenda kwa jirani. Nicholas na Elsie Collias, waliowachunguza minana kwa miaka mingi Afrika na Marekani, waliona kwamba majike hupendelea kiota kibichi. Kikikaa wiki hivi bila mtu, kinakuwa cha kahawia na kudhoofika, na dume mwenyewe hukibomoa, akasuka kingine mahali pale pale. Mwaka mmoja mvulana wa darasa langu alimwona dume akibomoa, akaniuliza kwa uchungu kwa nini anaharibu kazi yake nzuri. Msichana aliyekuwa pembeni akamjibu kabla yangu: "Si umeona amekaguliwa, akakataliwa."

Juu yao wapo kunguru wenye shingo ya kijivu, wale ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaenea pwani yote. Wanapasua viota na kula makinda. Ncha ya tawi jembamba juu ya maji ndiyo kinga kubwa ya mnana, na kinga hiyo hupungua kila bonde linaposafishwa.

Sasa bonde linabadilishwa. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, una daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya mto, na bustani kubwa ya jiji. Ninauunga mkono. Nimeona watu wa bondeni wakihamisha magodoro kichwani katika mafuriko, na hakuna ndege anayestahili kuliko wao. Ombi langu linawahusu wanaochora bustani. Ukoka uliokatwa chini hautoi ukanda wa kusukia, na miti iliyopandwa kwa mstari katikati ya nyasi ni meza ya kunguru. Waache matete ukingoni. Wapande michikichi na minazi karibu na maji, kwa kuwa majani yake yanachanika vizuri. Matawi yanayoinama juu ya mto wasiyapunguze kila mwaka kwa ajili ya unadhifu. Wala wasimwachie mnana pembe moja yenye mti mmoja wakasema inatosha, maana jike wa mnana hafanyi kazi yake kwenye kiota kimoja. Anahitaji madume wengi na viota vingi kando kando, ili akitoka kwenye hiki hajaridhika, awe na kingine cha kwenda kuvuta nyuzi zake.